Tulivyokipaka Rangi Chumba cha Kufulia, na Shela Tuliloliharibu



Leo tunataka kuzungumza juu ya chumba ambacho mgeni haonyeshwi. Sebule tunaipamba. Chumba cha bibi harusi tunakitia asumini na udi. Hata jikoni siku hizi watu wanaweka marumaru. Lakini chumba cha kufulia? Hapo ndipo penye beseni lililopasuka, ndoo zisizo na vishikio, ufagio wa chelewa na ukuta uliobabuka. Mgeni akibisha hodi, mlango unafungwa na maisha yanaendelea.

Chetu kilikuwa hivyo hivyo. Tulipoamua kukipamba tulikipamba kwa pupa, na pupa hiyo ilimuumiza bibi harusi wa watu. Tunaandika haya ili nyinyi mfaidike na rangi, na sisi tuseme yaliyotukuta bila kuyapunguza.

Sisi ni nani

Tuko wawili, mtu na wifi yake. Mmoja wetu ni mtoto wa Wete, Pemba. Alimaliza kidato cha nne, akasomea ushoni, kisha akaolewa bara. Mwingine ni dada wa mume, kazaliwa huku huku na hajawahi kuiona bahari. Tunaishi Ugalla, Wilaya ya Nsimbo, mkoa wa Katavi. Ukitoka kwetu visiwani unapanda boti hadi Dar es Salaam, unashika reli ya kati hadi Tabora, kisha unapita Kaliua kwa tawi la reli linalokwenda Mpanda na kuvuka mto Ugalla. Maji ya mto huo huingia Malagarasi, na Malagarasi huishia Ziwa Tanganyika. Ni nchi ya miombo na asali, na tangu 2019 kuna Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla.

Kazi yetu ni kushona, kukodisha mashela, na kufua na kupiga pasi nguo za harusi: mashela, mitandio, kanzu za mabwana harusi, mashuka ya kitanda cha maharusi. Mwenye kazi hii huku hana raha na nguo nyeupe. Kiangazi kuna vumbi jekundu linaloingia hata kwenye sanduku lililofungwa. Mvua zikianza, vumbi lile lile linageuka tope. Maji ya kisima chetu nayo yana kutu. Ukiyachota yanang'aa, lakini yakikaa usiku mmoja unakuta unga wa kahawia chini ya ndoo.

Chumba chenyewe kiko uani, urefu mita 3 na upana mita 2 na nusu. Ni cha matofali ya kuchoma, ndani kimepigwa plasta ya saruji, kina dirisha moja dogo na mlango wa mbao wenye rangi ya zamani iliyokuwa ikimomonyoka. Kwa hesabu yetu, kuna siku tunakaa humo saa saba. Sebuleni hatukai hata mbili. Basi tukaulizana: kwa nini pazuri pawe pale tusipokaa, na pabaya pawe pale tunapochumia riziki?

Chokaa ya bibi

Yule wa Wete alikuwa na picha yake kichwani. Bibi yake alikuwa na kibaraza cha kufulia nyuma ya nyumba, ukuta wake umepakwa chokaa iliyotiwa bluu ya kufulia, ile ya unga tunayotumia kung'arishia nguo nyeupe. Ilikuwa bluu kama asubuhi baada ya mvua. Mtoto ukikaa pale kusubiri nguo zikauke, unasahau kuwa umetumwa.

Tukasema na sisi tufanye hivyo. Chokaa haina gharama, bluu tunayo, brashi tunayo. Ulikuwa mwezi wa Rajabu. Tulitaka tumalize kabla ya Shaabani, kwa sababu mnajua wenyewe: Shaabani ndio msimu. Kila mwenye posa anataka kuoa kabla ya Ramadhani haijaingia, na sisi tunafua usiku na mchana.

Hatukuuangalia ukuta. Tuliona tu kwamba umebabuka na umetoa chumvi nyeupe kwa chini, tukaikwangua kwa kisu, tukapaka. Ile bluu tuliitia mara tatu ya alivyokuwa akitia bibi, maana tulitaka rangi iliyokoza, ya kumfanya mtu asimame mlangoni. Na kweli alisimama. Kila jirani aliyekuja kuchungulia alisema mashaallah. Tulifurahi sana, na hatukujua kwamba rangi yenyewe haikushika.

Usiku wa kuamkia Alhamisi

Katikati ya Shaabani binti mmoja wa Katumba alituletea shela. Hakuja kukodi. Alikuwa na shela lake mwenyewe, la marehemu mama yake, aliloolewa nalo Ujiji. Lilikaa kwenye sanduku miaka mingi, limepiga umanjano mikunjoni. Alitaka tulifue, tulipunguze kiunoni na tulipige pasi. Nikaha ilikuwa Ijumaa baada ya sala.

Tulilifua kwa mikono, kwa maji tuliyoyaacha yatulie, kwa sabuni laini, taratibu. Umanjano ulitoka vizuri kuliko tulivyotarajia. Jumatano jioni mvua ikashuka, na mvua ya huku ikishuka jioni haina haraka ya kuondoka. Hatukuweza kulianika nje. Tukalitundika kwenye kamba ndani ya chumba chetu kipya, tukafunga mlango, tukalala.

Hatutasema ni nani kati yetu aliyelitundika wala nani aliyesahau kufunga dirisha. Tumekubaliana kuwa ni sisi.

Usiku upepo uliingia. Kamba ilikuwa karibu mno na ukuta. Alfajiri tulipokwenda kuliangalia, pindo la nyuma lilikuwa limegandana na ukuta. Tulipolivuta, tukaona bluu. Ilikuwa alama pana kuliko kiganja, na mistari mingine midogo juu yake, mahali kitambaa kilipokuwa kikipepea na kugusa.

Hapo tukafanya kosa la pili. Tulishtuka, tukachukua sabuni na maji ya moto, tukasugua. Dada, likikupata kama hili, usisugue. Ule ni unga. Uache ukauke kabisa, uukung'ute na uupanguse kwa brashi laini, ndipo ufikirie maji. Sisi tuliushindilia kwenye nyuzi. Alama ilififia, lakini haikuondoka. Ikabaki kivuli cha rangi ya anga, kama jicho linalotutazama.

Lesi

Tulikaa chini. Mmoja akasema: "Tuna lesi pana ya Dubai. Tukiizungusha pindo lote, itaonekana ni urembo. Atafurahi. Hatajua."

Mwingine hakujibu, na kutojibu kwake kulikuwa ni kukubali. Tukaanza kupima lesi. Tunakiri hapa mbele yenu kwamba tulishaikata.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka wake akichambua mchele. Yeye ni mzazi wa mmoja wetu na mkwe wa mwingine, na sote tunamwita mama. Alikuwa amesikia kila kitu. Akauliza: "Shela lenyewe la nani?"

Tukamwambia: la marehemu mama yake.

Akasema: "Basi mna watu wawili wa kuwaomba radhi, na mmoja hamumpati tena. Huyu mwingine mtamkosesha na yeye?"

Akaendelea na mchele wake.

Sote tumesoma chuoni kile kisa cha Mtume wetu (SAW) kupita sokoni, akatia mkono kwenye chungu ya nafaka, vidole vyake vikatoka na unyevu. Juu kikavu, chini kimelowa. Muuzaji akasema ni mvua. Mtume akamwuliza kwa nini basi hakukiweka kile kilicholowa juu, watu wakakiona, kisha akasema maneno mazito juu ya mwenye kughushi. Tulikisikia tangu utotoni, tukadhani ni kisa cha wauza nafaka. Asubuhi ile, mkasi mkononi na lesi mapajani, tukajua ni kisa chetu. Na sisi tulikuwa na mvua yetu ya kuisingizia.

Tulikodi bodaboda mbili, tukalifunga shela ndani ya nailoni na khanga, tukaenda Katumba kwenye tope. Tulimkuta binti anapakwa singo, mama yake mdogo pembeni. Tukalifungua shela, tukaonyesha ile alama kwanza kabla ya salamu haijapoa. Tukasema: tumelitia doa sisi, kwa uzembe wetu, na tumeshindwa kulitoa. Tukatoa lesi, tukasema inaweza kufunika, lakini uamuzi ni wako. Tukasema pia tuna mashela mengine matatu dukani, uchague unalotaka bila malipo.

Mama mdogo alitusema, na alikuwa na haki. Maneno yale hatuyaandiki. Binti hakusema kitu kwa muda mrefu. Alilishika pindo, akaligeuza, akalitazama kwa ndani na kwa nje. Machozi yakamtoka na singo likaharibika usoni. Mwishowe akasema: "Shoneni lesi. Nitalivaa hili hili."

Tulishona pale pale, kwenye cherehani ya jirani. Ijumaa aliolewa nalo. Hatukupokea hata senti, na hawakutoa. Mpaka leo hakuna mtu wa nyumba ile aliyetuletea kazi tena. Tukikutana naye sokoni anatusalimia vizuri, tunaitikia, kila mtu anashika njia yake. Tungependa kuwaambia kwamba alitusamehe na sasa ni shoga yetu. Hatujui. Tulilonalo ni kwamba hatukumdanganya.

Ukuta ulikuwa unalia

Ramadhani ilipopita tukamwita fundi mwashi. Hakutazama rangi hata kidogo. Alitoka nje, akazunguka nyuma ya chumba, akatuonyesha: maji yetu yote ya kufulia yalikuwa yanatoka kwa tundu moja na kutuama chini ya msingi. Miaka yote ile tulikuwa tukinywesha ukuta. Matofali yanavuta maji kama utambi wa koroboi. Maji yanapanda, yanabeba chumvi ya udongo, na plasta ya saruji inayazuia yasitoke, basi yanaisukuma plasta mpaka inababuka. Chokaa yetu tuliipaka juu ya chumvi na unyevu, na bila kitu cha kuishikisha. Ingeshika wapi?

Walojenga Mji Mkongwe kwetu Unguja walilijua hili. Kuta zile za mawe ya matumbawe zilipigwa lipu ya chokaa ili zipumue, na mafundi wanaozitengeneza leo wanaonya juu ya kuziba kuta za zamani kwa saruji, maana unyevu unabaki ndani. Bibi wa Wete naye alikuwa na kibaraza cha wazi kinachopigwa na jua na upepo, na nguo zake alianika uwanjani, si ukutani. Tuliiga rangi yake tukaacha akili yake.

Kwa hiyo, dada unayetaka kupamba chumba chako cha kufulia, anza huku tulikomalizia sisi.

Kwanza, maji yaende. Tulichimba mfereji wenye mteremko na shimo la maji machafu lililojazwa mawe, mbali na msingi na mbali na kisima. Sakafu ya chumba tukaiinamisha kidogo kuelekea tunduni.

Pili, ukuta ukauke. Tulibandua plasta mbovu hadi usawa wa kifua, tukaacha matofali wazi tangu Juni hadi mwisho wa Agosti, wakati wa kiangazi. Watu walicheka: chumba kimekuwa gofu. Waache wacheke. Kabla ya kupaka, bandika kipande cha nailoni ukutani kwa gundi ya karatasi pande zote nne, ukiache siku moja na usiku wake. Ukikuta matone upande wa ukutani, bado. Tulijaribu mara tatu, mara ya tatu kikatoka kikavu. Ndipo fundi akapiga lipu mpya ya chokaa yenye saruji kidogo tu.

Tatu, chagua rangi inayooshika. Tulinunua rangi ya maji ya ndani, ile ambayo dukani wanakuhakikishia kuwa inafutika kwa kitambaa. Lita moja hupaka kama mita za mraba 8 hadi 10 kwa mkono mmoja, na rangi iliyokoza inahitaji mikono miwili, wakati mwingine mitatu. Piga hesabu ya kuta zako, toa mlango na dirisha, ndipo uende dukani. Usinunue kwa kukisia halafu ukaishiwa katikati, kwa kuwa kopo la pili lililochanganywa siku nyingine huenda lisifanane na la kwanza.

Neno juu ya manjano

Hapa tuvumilieni, ni muhimu.

Tulitaka mlango na fremu ya dirisha viwe manjano ya bizari. Mtu mmoja akatupa bure kopo la rangi ya mafuta, manjano inayong'aa, lililobaki kwenye kazi ya kupaka mageti. Halikuwa na karatasi ya maelezo. Karibu tulitumie. Lakini ndani ya nyumba yetu kuna mtoto wa miaka miwili, na mtoto huyo kila kitu ni mdomoni.

Huku Mpanda wazee wanajua sana neno risasi, si ile ya bunduki, bali madini yenyewe. Reli inayotuletea vitambaa ilijengwa wakati wa Mwingereza kwa ajili ya mgodi wa risasi wa Mpanda. Na risasi hiyo hiyo, kwa miaka mingi na katika nchi nyingi, imetiwa kwenye rangi za mafuta ili zing'ae, zikauke upesi na zidumu. Manjano, chungwa na nyekundu kali ndizo zinazotiliwa shaka zaidi. Rangi hiyo ikichakaa inamomonyoka, inakuwa vumbi, mtoto anailamba vidoleni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Inaharibu ubongo wa mtoto unaokua, na mjamzito humfikishia aliye tumboni. Umoja wa Mataifa unazishauri nchi ziweke sheria kwamba risasi kwenye rangi isizidi sehemu 90 katika milioni.

Sasa fikiria bibi harusi anayehamia nyumba mpya, chumba kimepakwa wiki hiyo hiyo, na baada ya miezi michache insha Allah ana mimba. Rangi ya chumba chake si jambo dogo. Uliza dukani rangi isiyo na risasi, soma kopo, na usikubali kopo lisilo na maelezo hata kama ni la bure. Kama una mlango wa zamani unaomomonyoka kama wetu, usiupige msasa mkavu ukajaza vumbi nyumba nzima. Mtoe mtoto, tandika nailoni chini, lowesha mbao, kwangua zikiwa mbichi, kusanya vipande vyote uvifunge uvitupe, kisha oga na ufue nguo ulizovaa kando na za watoto. Mwenye mimba asishike kazi hii kabisa.

Kopo la bure tulilirudisha kwa shukrani. Manjano yetu tulinunua lita moja.

Ukuta mmoja uache mweupe

Jambo hili tumelijua kwa sababu ya ushoni, na hatujaona mtu akilisema. Rangi kali ya ukuta hurudi juu ya kitambaa. Ukisimama na shela jeupe karibu na ukuta wa manjano, linaonekana krimu. Ukisimama karibu na ukuta wa bluu, madoa ya umanjano yanajificha na nguo inaonekana nyeupe kuliko ilivyo. Yaani chumba kinakudanganya, na wewe unamdanganya mteja bila kukusudia.

Basi tulifanya hivi. Kuta mbili, ule unaoukabili mlango na ule wa nyuma ya mabeseni, tulizipaka bluu ya bahari iliyokoza. Mlango, fremu ya dirisha na rafu tukavipaka manjano ya bizari. Ukuta wa pembeni mwa dirisha, mahali pa kukagulia nguo, tukauacha mweupe mtupu. Hapo ndipo kila nguo inasimama mbele ya mwanga kabla ya kukunjwa. Kamba tumeihamisha katikati ya chumba. Na kabla nguo ya mtu haijaingia, tulisugua kila ukuta kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kitambaa kilitoka cheupe. Kitambaa hicho tumekitundika kwenye msumari mlangoni, na kila mwanzo wa mwezi tunarudia.

Mabeseni pia tumeyapangia rangi, na hili ni kwa ajili ya tohara. Beseni jekundu ni la nguo zenye najisi, hilo peke yake, na nguo zake zinasuuzwa kwa maji safi ya kumiminwa mpaka tumeridhika kabla ya kuchanganyika na nyingine. Kijani ni la kufulia, jeupe la kusuuzia. Katika Surat Al-Muddaththir, Mtume wetu aliamrishwa mapema kabisa kuzitakasa nguo zake. Sisi tunaofulia watu nguo za sala na za nikaha tumebeba sehemu ya ibada zao. Mtu akisali na kanzu tuliyoifua vibaya, tutajibu nini?

Na kwa wenye maji ya kutu kama yetu: yamimine kutoka ndoo hadi ndoo, yaache usiku kucha, asubuhi chota ya juu na ya chini uyamwage. Usikimbilie jiki kwenye doa la kutu, inalishikisha zaidi. Limau, chumvi na jua vinatosha kwa pamba nyeupe. Kwa hariri na vitambaa laini, jaribu kwanza pembeni pasipoonekana.

Gharama yote, pamoja na fundi, mfereji, saruji, chokaa na rangi, ilitufikia kama shilingi 240,000. Tuliikusanya kwa miezi minne, kidogo kidogo. Kuna aliyetuambia ni israfu kutumia hela hiyo kwa chumba cha kufulia. Tulilifikiria. Mapazia mapya ya sebuleni yangetugharimu zaidi, na hakuna mtu angesema neno.

Kabla hatujaagana

Kile kipande cha lesi tulichokikata kabla ya kwenda Katumba, kilichozidi, hatujakishonea nguo ya mtu mwingine. Kimo kwenye kopo la vifungo. Mmoja wetu akishawishika kumwambia mteja "haionekani, usijali," mwingine hulitikisa tu lile kopo.

Bibi harusi mtarajiwa unayesoma, ukienda kwa fundi wako mpe amana yako huku ukiiangalia: mwulize nguo itaanikwa wapi, na usione haya kuomba kukiona chumba. Na wewe fundi mwenzetu, mteja akiomba, fungua mlango.

Tunamwombea binti wa Katumba ndoa yenye utulivu, mapenzi na huruma, na tunamwombea marehemu mama yake, ambaye shela lake tulilipokea zima tukalirudisha na doa. Ewe Mola, msamehe, mrehemu, umweke pema peponi, na utusamehe sisi tulichokiharibu kwa haraka na tulichokaribia kukificha. Amin, amin, ya Rabbal alamin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.